Mama Yuko Ukutani Silanga

Enzi zetu, ukiulizwa nyumbani ni wapi, hukutaja namba. Namba ingetoka wapi na nyumba zenyewe zilihama kila mvua kubwa ikinyesha? Ulisema, "Shuka na njia ya bwawa mpaka usikie gita. Ukishalisikia, fuata pua. Makaa yakikuingia puani, hapo ndipo kwetu." Na mgeni alifika. Alifika hata kama ametoka ziwani kwetu Wajaluo jana na kuku kwapani, hajawahi kuiona Nairobi tangu azaliwe. Leo kijana ana simu yenye ramani ya dunia nzima, inamwongelesha kwa sauti ya mwanamke mpole, na bado atanipigia kila akifika kona: "Anti, niko hapa kwa mlingoti wa stima, sasa niende wapi?" Wewe uliyekulia Kibera wakati wangu unajua ninachosema. Tulikuwa na alama zetu, na hakuna aliyetuwekea.

Mambo haya yamenijaa kifuani kwa sababu ya ukuta. Vijana wa Silanga, mtaa wetu wa Kibera, wamechora ukuta mrefu kando ya bwawa, kusifu vitu viwili vilivyoifanya Silanga ijulikane, makaa na muziki. Ni kitu kikubwa, nitawaeleza. Lakini kwenye ukuta huo wamemchora mama yangu, na chini ya miguu yake wakaandika: Pumzika, Mama Makaa. Siku niliyoyaona maneno yale, mama alikuwa ameketi mlangoni kwangu hapa Kabiro, Kawangware, anachagua mchele, na kila jioni alikuwa akiniuliza nitampeleka lini akauone huo ukuta anaousikia kwa watu. Kwetu mtu haandikiwi hivyo akiwa bado anakula. Ni kumfungulia kifo mlango na kukiwekea kiti. Sikujua nimwambie nini. Ila ngoja nianzie mbali, mjue ni mwanamke gani aliyechorwa.

Mama aliuza makaa. Si yale ya kupanga vimikebe mbele ya nyumba. Mama alikuwa na kituo. Lori lilitoka Ukambani au huko Narok, likashuka kwa shida hadi karibu na bwawa, na magunia yakapangwa ndani ya banda la mabati mpaka yakagusa paa. Yalipangwa pande tatu, katikati pakabaki nafasi ya chumba, upande wa nne ukawa mlango. Wanawake wa Silanga nzima, hata wa Laini Saba, walikuja na makarai na ndoo kununua kwa debe au kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia usiokosekana kibandani. Mama akijaza gorogoro, vipande vikubwa alivilaza mshazari chini, na juu akaweka kilele cha Mlima Kenya. Wateja walilalamika kwamba katikati mna hewa. "Hewa ndiyo huwasha moto, mama," aliwajibu. "Hiyo nimekuongezea bure."

Sisi watoto wake tulikuwa weusi kuliko Mungu alivyokusudia. Shuleni mwalimu wa zamu akianza kukagua kucha, mimi nilitoka kwenye mstari mwenyewe kabla sijaitwa, ili tumalizane mapema. Meno lakini, meno yetu yaling'aa, kwa sababu tuliyasugua kwa kidole, unga wa makaa na chumvi. Majuzi binti yangu amerudi nyumbani na dawa ya meno nyeusi, imefungwa vizuri kwenye boksi, ananieleza kwa heshima zote kwamba siku hizi wataalamu wamegundua makaa. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Mtoto wa watu amenunua vumbi la nyanyake.

Sare za shule tulinyoosha kwa pasi ya makaa, ile nzito yenye mdomo, na ukizubaa kaa moja likaruka, kola yako ilipata dirisha la mwaka mzima. Jumamosi ilikuwa siku ya kufinyanga. Vumbi lililobaki chini ya magunia halikutupwa. Tulilichanganya na udongo mwekundu na maji, tukafinyanga mabonge ya ukubwa wa tonge la ugali mkononi, tukayaanika juu ya mabati. Bonge moja likishika moto lilichemsha maharagwe tangu tukitoka kanisani mpaka tuyasahau. Nikinusa maharagwe yanayoiva polepole hata leo, nasikia ule udongo kwenye vidole. Halafu tukanawa kwenye mtaro, tukakimbilia kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira wa karatasi za nailoni, au brikicho, kujificha na kutafutana, kati ya mashamba ya nduma na sukuma kule chini, ambako maji ya bwawa yalikuwa bado yanaonekana kabla magugu hayajayameza.

Mama alikuwa na masikio. Hapo ndipo nilipokuwa nikimwogopa, na nikimstaajabia zaidi ya mtu yeyote duniani. Gunia likifunguliwa, hakuangalia makaa kwanza. Alichukua vipande viwili, akavileta karibu na sikio, akavigonganisha. Makaa ya mgunga yaliyochomwa vizuri yanalia, ting, sauti nyembamba kama ya chupa. Makaa mabovu yanasema pu, yananyamaza. Mama aligonga, akatega, akasema, "Haya yalitolewa kwenye tanuri kabla ya wakati," au, "Haya yamenyeshewa njiani, dereva asinidanganye." Na dereva aliangalia viatu vyake. Nilijaribu sana kusikia alichosikia mama, nikawa nagonga makaa mpaka mashavu yangu yanakuwa na mistari, na nilichoweza kusikia ni ting tu.

Sasa muziki. Palikuwa na mtu anaitwa Oluoch, sote tulimwita Oluoch Nyuzi, mrefu, mwembamba, vidole kama vijiti vya mwavuli. Asubuhi alibeba mawe kwenye mjengo, alasiri alipiga gita na wenzake wawili, mmoja wa besi na mwingine wa kupiga debe na visoda. Walikuwa wamefukuzwa ploti baada ya ploti. Mwenye ploti akisikia spika yao iliyounganishwa na betri ya gari, alikuja na rungu. Basi siku moja mvua iliwakuta mlangoni kwa mama, akawaambia waingie wasilowe. Baba yangu alikuwa soja, alilinda godauni usiku na kulala mchana, na chumba alicholala kilikuwa nyuma tu ya banda. Mama akawaonya wasiguse hata uzi mmoja. Lakini Oluoch na gita hawakuweza kukaa pamoja wakanyamazishana.

Alipiga kidogo tu, kwa kidole. Mama akatoka mbio nje azunguke nyuma kumtuliza baba. Alipofika nyuma akasimama. Gita lilikuwa limepotea. Baba alikuwa anakoroma kwa amani. Mama akarudi mlangoni, gita lipo, limejaa banda zima. Akazunguka tena nyuma, hakuna gita. Mimi nilikuwa nikimfuata huku nimeshika leso yake, tukazunguka na kuzunguka kwenye mvua ile, mimi na yeye, tukilipoteza gita na kulipata tena. Magunia yalikuwa yanaimeza sauti. Ilibakiwa na njia moja tu ya kutokea, mlango, na mlango ulitazama barabara ya watu. Sijawahi kuona mama amepigwa na bumbuazi vile. Alisimama mbele ya yale magunia yake aliyoyauza miaka yote kama mtu aliyetambulishwa kwayo siku hiyo.

Akawaambia, "Mtapigia hapa. Lori likija, mtashusha mizigo. Na baba wa watoto akiamka, mtahama."

Hawakuhama. Kuanzia siku hiyo Silanga ikawa na mahali. Kila alasiri tulipotoka shuleni, tulilisikia gita tangu juu kwenye reli, na tuliteremka mbio mifuko ikitupiga mgongoni. Watu waliokuja kununua makaa ya chai walisahau chai. Wanawake walicheza na makarai kichwani, waliotoka mjengo walicheza na masepetu. Bendi yenyewe ilikuwa nyeusi tii, mashati, masikio, hata lile gita lilikuwa na alama za vidole ambazo hakuna sabuni iliyoziondoa. Wakialikwa harusini walioga, na watu walilalamika kwamba wameletewa bendi nyingine. Watoto wa siku hizi wakitaka muziki wanaweka vitu masikioni, kila mmoja na wake, wanatikisa vichwa kwenye chumba kimoja kimya kama wagonjwa. Sisi tulikuwa na gita moja kwa mtaa mzima na lilitutosha.

Iko alasiri moja ambayo nikifa nitaisimulia huko. Lori lilikuwa limeleta makaa ya mgunga safi, na gunia moja likapasuka likishushwa. Vipande vilibingirika kwenye mawe, na kila kipande kikalia chake. Ting, teng, tong, kingine juu, kingine chini. Oluoch, aliyekuwa na gunia mgongoni, alilitua chini taratibu. Akapiga magoti. Akaanza kuokota, anagonga, anatupa, anagonga, anaweka pembeni. Akamwomba mama amsaidie kuchagua. Mama alisema ana kazi, halafu akapiga magoti pia. Sijui walikaa pale kwa muda gani, wawili hao, wakigonga na kutega masikio bila kuongea, mama akitikisa kichwa, Oluoch akibadilisha. Mwisho walilaza kandambili mbili kuukuu chini, wakavipanga vipande juu yake kutoka kirefu hadi kifupi. Oluoch akachukua kijiko cha mbao.

Makaa yaliimba. Nisameheni, sina neno jingine. Kitu ambacho tulikuwa tunakichoma, tunakikanyaga, tunasugulia meno, kiliimba kama kengele ndogo za kanisani. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliketi chini palepale kwenye vumbi na nguo yake nzuri. Nikaangalia mikono yangu myeusi, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuiosha. Oluoch alipomaliza, mama alisimama, akajipangusa magoti, akasema, "Haya ni ya kuuza." Lakini vile vipande hakuviuza. Alivifunga kwenye leso akaviweka juu ya kabati, na tulikatazwa hata kuvitazama vibaya.

Tulikuwa pia tukichora. Kaa moja na ukuta wa jirani, basi, unayo dunia. Nilichora Oluoch na gita, nilichora lori, nilimchora mwalimu wetu wa hesabu na pua ambayo alistahili. Nilipigwa kwa michoro hiyo, na mwenye ukuta, na mama, na mwalimu mwenyewe. "Mtoto wa kuchafua kuta za watu atakuja kulala nje," mama alisema. Mtoto akifanya hivyo leo anaitwa msanii, watu wanakuja na kamera kumpongeza. Nilizaliwa mapema.

Tulikua. Baba alistaafu, akarudi ziwani, akafia huko. Mimi nikaolewa Kawangware, nikaanza kushona sare za shule. Mama alibaki na kituo chake na Oluoch na gita lake, hata wale wenzake wawili walipokufa mmoja mmoja akabaki anapiga peke yake kati ya magunia. Halafu barabara ikapita, banda likabomolewa, na Oluoch akafa mwezi uleule. Mwili wake ulipelekwa kwao ziwani kwa basi. Watu walikusanyika palepale kituo kilipokuwa, basi limefungwa matawi mbele, jeneza juu, kilio kila upande. Mama alipanda basi hilo kumsindikiza. Baada ya mazishi magoti yake yalikuwa yameisha, nikamchukua moja kwa moja hadi kwangu Kabiro. Silanga hakurudi tena. Vijana hawa wachoraji walikuwa wadogo wakati huo, wa kutumwa makaa na nyanya zao. Walichokumbuka ni basi la matanga, Mama Makaa analipanda akilia, na hakuna aliyerudi. Kwa hesabu yao waliwazika wote wawili.

Nilienda kuuona ukuta peke yangu mwanzoni, na ningeshukuru Mungu kama ningekuwa nimeketi. Kwanza kuna gita. Kwenye kona ile ya kushukia bwawani wamesimamisha gita la vyuma, limepita urefu wa vibanda, tumbo lake limeundwa kwa majiko mabovu na vifuniko vya madebe, nyuzi zake ni waya wa seng'enge. Upepo ukitoka bwawani, nyuzi zinalia zenyewe. Nyuma yake ndipo ukuta unapoanza. Magunia yamechorwa yamepangana mpaka juu, na kati ya magunia kuna mwanga mwekundu wa makaa yaliyoshika, na katikati ya mwanga huo wamesimama wale watatu, Oluoch mbele na vile vidole vyake. Karibu naye mama. Mkubwa kuliko mlango. Ana leso kichwani, ameshika vipande viwili vya makaa karibu na sikio, macho yamefumbwa, anatega. Nani aliwaambia hawa watoto kuhusu sikio lile? Hakuna, walikuwa wamelikumbuka wenyewe, walipokuwa wakisubiri kujaziwa mikebe yao. Nililia pale mbele ya watu bila aibu, halafu nikateremsha macho nikasoma yale maandishi.

Kiongozi wao ni kijana anaitwa Brayo, rangi mpaka kwenye nyusi. Alikuja akicheka.

"Niaje, anti. Unaionaje?"

"Huyu ni mama yangu."

Akavua kofia. "Pole sana, anti. Mathe alikuwa mnoma, hakuna kama yeye. Nyanyangu alikuwa ananituma kwake kila jioni."

"Mama yangu yuko Kabiro. Amekula ugali na omena jana, na akalalamika chumvi."

Yule kijana alinitazama, akatazama ukuta, akanitazama tena. "Ai, anti. Si waliendaga na ile basi, yeye na Oluoch?"

"Walienda wote. Mmoja alirudi."

Ndipo aliponieleza kanuni yao. Walikuwa wamekubaliana kwamba ukutani wataingia waliotangulia pekee. "Ukichora mtu ako hai, anti, kesho landlodi anataka yake, keshokutwa mheshimiwa analeta rangi ya chama. Hii ukuta itakuwa ya kampeni." Hapo sikuweza kumbishia, ninaijua Nairobi. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Usijali. Wikendi tunamfuta. Tutachora jiko hapo."

Usijali, anasema. Nilirudi Kabiro nikiwa nimebeba mawe mawili. Wakimwacha, mama yangu anasimama kati ya wafu akiwa na pumzi, na mimi ni mtu wa kanisa lakini ni mtoto wa ziwani pia, mambo hayo hayachezewi. Wakimfuta, basi miaka yote ile, magunia yale, sikio lile, ni jiko. Mtu atapita pale atasema Oluoch alipigia muziki karibu na jiko. Mama akaniuliza jioni hiyo kama nilipita Silanga. Nikamwambia rangi haijakauka. Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama madereva.

Aliyeniumbua ni msichana wa jirani, alikuja na simu yake anashangilia, "Shosh, si huyu ni wewe?" Kabla sijamfikia, simu ilikuwa mkononi mwa mama. Mama akaomba miwani. Alitazama muda mrefu, akaisogeza picha kwa kidole kama alivyoonyeshwa, akasoma midomo ikitembea. Nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kumweleza kwamba ni watoto, walikosea, ni lile basi la Oluoch, hawakuwa na nia mbaya.

"Nimesoma," alisema. "Mimi si kipofu."

"Na watakufuta, Mama. Nimeongea nao. Wikendi hii hutakuwepo tena, watachora jiko."

Hapo ndipo alipobadilika uso. "Kunifuta?" alisema. Akatafuta fimbo yake chini ya kiti. "Kesho asubuhi unanipeleka."

Tulifika wakati Brayo anakoroga rangi nyeupe kwenye ndoo. Wenzake wote waliacha walichokuwa wakifanya. Mmoja, naapa, alirudi nyuma akajishika kifua. Ni jambo zito kumwona mtu uliyemchora marehemu anashuka kilima kwa fimbo, anahema, anauliza kwa nini njia imejaa takataka. Mama hakuwasalimia. Alilizunguka lile gita la vyuma kwanza, akasimama upepo ulipokuja, akatega sikio, akasema uzi wa tatu umelegea. Kisha akaenda ukutani.

Alisogea mpaka pua yake ikakaribia rangi. Akajigusa shavu lile la ukutani. "Mmenifanya mweupe," alisema. Hakuna aliyecheka. Akapiga hatua hadi kwa Oluoch, akaegemea fimbo, akamtazama machoni kwa muda. Nilikuwa najiandaa kumshika akianguka. Badala yake alimsemesha kwa Kijaluo, polepole, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake habari za nyumbani. Alimwambia kwamba magoti yalikataa. Alimwambia nani amefariki na nani amejifungua. Alimwambia kwamba banda halipo, kwamba yeye anakaa kwa binti yake na kule Kabiro hakuna mtu anayejua kupiga gita. Upepo uliendelea kuziliza zile nyuzi, na wale vijana, wasiosikia neno la Kijaluo hata mmoja wao, walisimama kama wako kanisani.

Brayo akakohoa. "Shosh, pole sana. Hatukujua. Tunakufuta saa hii, usihofu."

Mama akageuka. "Ni nani amekutuma unifute?"

"Ni vile tulikubaliana, Shosh. Hapa ni wale walitangulia pekee."

"Mimi nilikaa na hawa watu nikiwa hai na wao wakiwa hai. Sasa wamekufa, na wewe unataka kunitoa kati yao kwa sababu nimechelewa?" Alipiga ukuta kwa fimbo, pale palipokuwa na miguu yake. "Mniache hapa. Niliwachagulia sauti, niliwakinga na mvua, niliwalisha. Sitakuwa jiko."

"Lakini Mama," nikasema, "yale maandishi."

"Hayo yafuteni," alisema. "Hayo si yangu bado. Nikipumzika, huyu binti atakuja kuwaambia, na mtayaandika tena. Mje na rangi yenu, msimsumbue."

Brayo aliwatazama wenzake. Hakukuwa na mkutano. Alichovya brashi, akachuchumaa miguuni pa mama, wa ukutani na wa kweli, akafuta neno baada ya neno mpaka pakabaki mraba mweupe mtupu. Mama alimsimamia mpaka mwisho akimwonyesha palipobaki.

Silanga ya leo wanapika kwa gesi. Watoto wanapiga picha mbele ya gita lisilo na mpigaji, vidole viwili hewani, halafu wanaondoka bila kuuliza ni nani waliosimama nyuma yao. Sisi tulikuwa na gita na hatukuwa na ukuta. Mtu alipokufa alama yake ilikaa midomoni mwa watu kwa muda, ikaisha, na hatukujua kwamba inaisha. Siwalaumu hawa vijana. Wamefanya kitu ambacho sisi hatukuweza, na kila nikiuona ukuta ule nywele zinanisimama. Lakini nikifika pale macho yangu hayaendi kwa gita, wala kwa uso wa mama. Yanaenda moja kwa moja kwenye ule mraba mweupe. Utotoni nilitumwa kila mahali Silanga, chumvi, maji, ujumbe kwa jirani, na nilikimbia ili nisifike nimechelewa. Sasa nimebakiwa na ujumbe mmoja wa kupeleka kule, na namwomba Mungu anicheleweshe.